Usafiri wa boti ziwani: Hesabu ya kufanya kabla mzigo haujapakiwa

Na Mwandishi Wetu

Alhamisi ya Septemba 20, 2018 ilikuwa siku ya gulio huko Bugorora, kisiwani Ukerewe nchini Tanzania. Wafanyabiashara na wanunuzi wa kisiwa cha Ukara walikuwa wakirudi nyumbani na bidhaa zao, na kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimebeba watu na mizigo yao.

Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Kilipinduka kikiwa kinakaribia kabisa kutia gati Ukara, mahali ambapo watu waliosimama nchi kavu walikiona kwa macho. Watu 228 walikufa na 41 wakaokolewa. Ukijumlisha, utaona kwamba ndani yake kulikuwa na zaidi ya mara mbili na nusu ya abiria walioruhusiwa.

Ziwa halikuwa na dhoruba siku hiyo, na safari yenyewe ilikuwa fupi. Ajali ile ilitokana na hesabu ya uzito, na hesabu hiyo ilikuwa imeharibika tangu chombo kilipoondoka Bugorora.

Makala haya yanamlenga mfanyabiashara anayevuka na magunia yake, msafirishaji anayekodi boti, na mwenye boti anayeishi kwa nauli. Iwe unatumia Ziwa Victoria, Tanganyika, Kivu au Albert, kanuni za usalama ni zilezile. Kinachotofautiana ni upepo, kina cha maji na ofisi inayotoa leseni.

Ajali ambazo eneo letu halijazisahau

Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, lakini waliokufa peke yao walizidi 800. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha kamili ya majina, na hadi leo zipo familia zisizo na karatasi yoyote inayothibitisha kwamba ndugu yao alikuwamo.

Novemba 24, 2018, miezi miwili tu baada ya ajali ya Ukara, boti ya starehe ya MV Templar ilizama upande wa Mukono nchini Uganda ikiwa na watu waliokuwa kwenye sherehe ya mwisho wa wiki. Zaidi ya watu 30 walikufa. Polisi wa Uganda walisema boti hiyo haikuwa na leseni na ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake.

Oktoba 3, 2024 boti iliyotoka Minova, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ilipinduka katika Ziwa Kivu ikiwa imekaribia bandari ya Kituku mjini Goma. Barabara ya Minova hadi Goma ilikuwa imekatwa na mapigano, hivyo watu na mazao yote yalielekezwa majini. Makumi ya abiria walipoteza maisha.

Katika ajali hizi zote nne, chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Na tatu kati ya hizo, yaani Bukoba, Ukara na Kituku, zilitokea mwisho wa safari. Msafiri anapoona nchi kavu husimama, huanza kutafuta mzigo wake na kusogea upande wa gati, na wenzake humfuata. Chombo kilichokwisha kulemewa hakiwezi kuhimili watu wengi kuhamia upande mmoja kwa mkupuo.

Hesabu ya uzito

Wenye boti wengi huhesabu vichwa, lakini maji hayajui vichwa, yanajua kilo. Tuchukulie boti ya mbao iliyoruhusiwa kubeba tani tatu, yaani kilo 3,000. Abiria 40 wakikadiriwa kilo 70 kila mmoja ni kilo 2,800. Zinabaki kilo 200, ambazo ni mifuko minne ya saruji.

Sasa fikiria abiria hao 40 ni watu wa gulio, na kila mmoja ana gunia la mahindi, kreti mbili za soda au mikungu ya ndizi. Hata kama hakuna aliyesimama, boti hiyo imezidisha mzigo mara mbili, na mwenye boti ataapa kwamba hakuzidisha abiria hata mmoja.

Dalili ya kwanza kuiangalia ni ukingo wa boti. Pima kwa macho umbali uliopo kati ya maji na ukingo wa juu pale ubavuni. Kama unaweza kuyagusa maji kwa mkono bila kuinama sana, wimbi la kawaida la meli inayopita litaingia ndani. Vyombo vilivyokaguliwa huwa na alama ubavuni inayoonyesha mwisho wa kuzama. Alama hiyo ikiwa imefunikwa na maji, mjadala umekwisha.

Jambo la pili ni mahali mzigo ulipowekwa. Mzigo mzito unapaswa kukaa chini, katikati, na ufungwe usiteleze. Ukiweka saruji juu ya magodoro, au ukijaza paa la boti kwa mikungu ya ndizi na abiria, uzito wote unapanda juu, na boti inakuwa kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa huku amesimama kwa mguu mmoja. Ikiinama kidogo tu, hairudi.

Jambo la tatu ni maji yaliyomo ndani ya boti. Wengi huyadharau. Sakafu yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 1.5, ikiwa na maji ya kina cha sentimita 10, imebeba kilo 1,200 za maji, uzito wa mifuko 24 ya saruji ambayo hakuna aliyeilipia nauli. Tena maji hayatulii mahali pamoja kama gunia. Boti ikiinama kushoto nayo hukimbilia kushoto na kuizidisha kuinama. Ndiyo maana kazi ya kuchota maji haipaswi kungojea mpaka abiria walalamike.

Kwa nini boti huzidishwa

Mtu aliyesoma uchumi ataliona jambo hili kwa haraka. Mwenye boti analipa mafuta yaleyale, iwe amebeba watu 40 au 70. Abiria wa 41 na kuendelea ni faida tupu kwake. Kama nauli ni shilingi 5,000, watu 30 wa ziada ni shilingi 150,000 kwa safari moja. Boti ikifika salama faida hiyo ni yake peke yake. Isipofika, hasara inaangukia familia 70.

Upande wa mfanyabiashara nao una hesabu yake. Gulio halingojei, samaki wanaoza, na boti inayofuata huenda ni ya kesho. Kwa hiyo anajua kwamba boti imejaa, lakini anapanda. Nahodha naye analipwa kwa idadi ya safari, hivyo hana sababu ya kumkataa mtu.

Hesabu hizi mbili zinapokutana mwaloni, sheria peke yake haitoshi. Kinachosaidia zaidi ni wateja wakubwa, yaani wenye mizigo, kukataa kwa pamoja. Boti inayokosa magunia 60 ya mteja mmoja kwa sababu imejaa inapata somo haraka kuliko boti iliyotozwa faini. Wafanyabiashara wanaosafiri pamoja kila wiki wanaweza kukubaliana kukodi boti mbili badala ya kubanana katika moja. Gharama ya ziada ikigawanywa kwa magunia huwa ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Jaketi la kuokolea ni mtaji

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuvuka katika boti moja ambayo majaketi ya kuokolea yalikuwa ya kutosha kwa hesabu. Yote yalikuwa yamefungwa kwa kamba moja, chini ya magunia ya dagaa. Mkaguzi angeyahesabu na kuridhika, lakini boti ikipinduka hakuna ambaye angepata hata moja.

Jaketi lisilovaliwa halina kazi. Boti ndogo hupinduka kwa sekunde chache, na ukiwa majini ni vigumu mno kulivaa. Livae kabla boti haijaondoka, funga mikanda yote, kisha umwombe mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwako. Mtoto anahitaji la kipimo chake, kwa sababu atachomoka katika la mtu mzima.

Unaponunua, tazama nguvu ya kuelea iliyoandikwa kwenye lebo. Katika viwango vya kimataifa, alama ya 50 ni ya anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Alama ya 100 ni ya maji yaliyokingwa, na 150 ni ya maji ya wazi. Katika ziwa ambalo huoni ng'ambo, usishuke chini ya 100. Liwe na rangi ya machungwa au njano, vipande vinavyoakisi mwanga wa tochi, na filimbi.

Tuchukulie umenunua jaketi zuri kwa shilingi 60,000. Ukivuka mara mbili kwa wiki kwa miaka mitatu, hizo ni safari 312, na kila safari imekugharimu kama shilingi 192. Hakuna gharama nyingine katika biashara yako iliyo ndogo kiasi hicho. Kuwa na jaketi lako mwenyewe pia kunakuondoa katika ugomvi wa kugombania machache ya boti.

Wanaosafiri kwenye boti zenye paa na kuta wanapaswa kukumbuka jambo moja: jaketi la kujazwa upepo lisijazwe ukiwa ndani. Boti ikipinduka litakubana kwenye sakafu iliyogeuka dari, na hutaweza kupiga mbizi kutoka. Toka kwanza, kisha ulijaze.

Upepo una saa zake

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,800, kiasi cha kutosha kujitengenezea hali ya hewa yake lenyewe. Mchana jua huipasha nchi kavu haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani. Mawingu ya mvua hujikusanya zaidi juu ya nchi kavu wakati wa alasiri.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, lakini maji hubaki na joto lake. Upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani, hewa hizo hukutana katikati na kupanda, na radi huanza. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea kati ya usiku wa manane na asubuhi, wakati ambao wavuvi wako kazini na boti nyingi za mizigo husafiri ili kuwahi soko. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, inahitaji tahadhari zaidi.

Ziwa Tanganyika ni tofauti. Ni refu kwa karibu kilomita 670 na jembamba. Wakati wa kiangazi, hasa Mei hadi Septemba, upepo wa kusi huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa na kuyasukuma mawimbi umbali mrefu bila kizuizi. Anayetoka Kigoma au Kalemie anaweza kuondoka maji yakiwa shwari na kukuta mawimbi makubwa mbele yake.

Utabiri wa majini upo. Mradi wa HIGHWAY, ulioendeshwa kati ya 2017 na 2021 kwa ushirikiano wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani na mamlaka za hali ya hewa za nchi za kanda hii, uliboresha utabiri wa Ziwa Victoria kwa kuligawa ziwa katika maeneo na kutaja upepo, urefu wa mawimbi na uwezekano wa radi. Taarifa hizi hutangazwa redioni na kusambazwa kwa simu. Kabla ya kulipa nauli, muulize nahodha utabiri wa leo unasemaje. Asiyejua jibu, usimkabidhi mzigo.

Kwa macho ya kawaida, wingu jeusi lenye kitako bapa, upepo wa baridi unaokuja ghafla, na mstari mweupe wa mawimbi kwa mbali ni ishara za kutafuta kisiwa au mwalo wa karibu mara moja. Dhoruba nyingi hupita kwa saa chache. Mzigo uliochelewa huuzwa kesho.

Mafuta na moto

Boti nyingi za mizigo hubeba petroli katika madumu, na mara nyingine abiria hupika humohumo safarini. Aprili 2025 boti ya mbao iliwaka moto katika Mto Congo karibu na Mbandaka na zaidi ya watu 100 wakafa. Maofisa walisema moto ulianza wakati abiria mmoja akipika.

Petroli isikae karibu na jiko, sigara wala mashine yenye moto. Mashine izimwe kabla ya kuongeza mafuta. Madumu yafungwe vizuri na kutengwa na abiria, na boti iwe na kizima moto au angalau ndoo ya mchanga. Maji yakimwagwa juu ya petroli inayowaka huusambaza moto.

Safari za starehe

Siku za mapumziko, boti zilezile za abiria na mizigo hukodishwa na vikundi vya harusi, wafanyakazi na watalii, iwe ni Kisumu, Entebbe, Mwanza au Rubavu. Wengi wa wateja hawa hawajazoea maji, hukaa juu ya paa, hucheza muziki, na wengine hunywa pombe. Mlevi akitumbukia majini hupoteza mwelekeo na nguvu upesi.

Msafirishaji anayekodisha boti kwa sherehe azingatie mambo matatu. Idadi ya watu isizidi ile ya leseni. Jaketi livaliwe na kila mtu, akiwamo mwenye sherehe anayeogopa kuharibu nguo za picha. Na nahodha na mabaharia wake wasionje pombe kabisa. Safari irudi kabla ya giza.

Sheria na karatasi

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Uchukuzi katika Ziwa Victoria ya mwaka 2007, inayogusa usajili, leseni na usalama wa vyombo. Tanzania usimamizi uko kwa TASAC, iliyochukua majukumu ya majini ya SUMATRA mwaka 2018. Kenya ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Uganda ilipitisha Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021, na msimamizi ni Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi.

Kwa msafiri, karatasi tatu ndizo muhimu. Ya kwanza ni cheti cha ukaguzi cha boti, chenye tarehe na uwezo wake, ambacho unayo haki ya kuomba kukiona. Ya pili ni orodha ya abiria. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa, na mtumie ndugu aliye nchi kavu ujumbe wenye jina la boti, saa ya kuondoka na saa unayotarajia kufika. Ya tatu ni stakabadhi ya mzigo inayotaja idadi, uzito na thamani.

Kuhusu bima, wafanyabiashara wengi hudhani kwamba wakishalipa wamemaliza. Vifungu vinavyotumika kwa kawaida katika bima ya mizigo ya majini humnyima fidia mwenye mzigo aliyejua, wakati wa kupakia, kwamba chombo hakifai kwa safari. Kwa maneno mengine, picha uliyoipiga kwa simu ukicheka jinsi boti ilivyojaa inaweza kuwa ushahidi dhidi yako.

Pia ipo kanuni ya zamani ya baharini, ya hasara ya pamoja. Mzigo ukitupwa majini kwa makusudi ili kuokoa chombo, hasara hugawanywa kati ya mwenye chombo na wenye mizigo yote iliyosalimika. Katika boti ndogo kanuni hii haifuatwi mara nyingi, na ndiyo maana kila mtu hukumbatia gunia lake mpaka boti inazama. Wanaosafiri pamoja wafanye makubaliano mapema: nahodha akisema tupunguze, tunapunguza, na hasara tunagawana.

Boti ikipinduka

Usirudi kutafuta mzigo wala simu. Shika boti yenyewe. Boti nyingi za mbao huendelea kuelea hata zikiwa zimepinduka, na waokoaji huiona boti kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu mmoja. Ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo. Wengi huchoka katikati wakijaribu kuufikia.

Kusanyikeni, mshikane, watoto wakae katikati. Kunja magoti kuelekea kifuani ili kuhifadhi joto, maana maji ya ziwa huonekana ya uvuguvugu lakini kwa saa kadhaa hunyonya joto la mwili. Piga filimbi kwa vipindi.

Simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na kufungwa shingoni, inaweza kuwa mkombozi. Namba 112 hutumika kwa dharura Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Taja kwanza mahali mlipo, kisha idadi ya watu.

Kabla hujapanda

Jiulize maswali haya ukiwa bado mwaloni: Ukingo wa boti uko juu ya maji kiasi gani? Mzigo mzito uko chini na umefungwa? Jaketi langu nimelivaa? Nahodha amesikia utabiri, na hajanywa? Jina langu limeandikwa? Nani nchi kavu anajua kwamba nimeondoka?

Jibu moja likiwa baya, shusha mzigo wako. Utapata lawama na huenda ukakosa soko la siku moja. Gulio la Bugorora liko kila wiki, na watu 228 waliotoka gulioni Septemba 20, 2018 wangeweza kurudi Alhamisi iliyofuata.